Dawa Tano za Huzuni: Kuwasindikiza Wanafunzi na Wafanyakazi wa Chuo Kikuu Katika Ugonjwa Mzito na Msiba



Wapendwa wasomaji, makala hii imetokana na kosa letu wenyewe. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa hutumwa mwishoni mwa juma kwenye vituo vya kichungaji. Baadhi yetu tulipangiwa kuwasindikiza wanafunzi Wakatoliki wa chuo kikuu kimoja: kusali nao Rozari Takatifu, kusaidia kwaya, na kuwafundisha wanaojiandaa kwa Kipaimara. Kati yao alikuwepo kijana wa mwaka wa pili, mtunza hazina wa kwaya, mtu wa kuwahi na mwenye utani mwingi. Muhula mmoja akaanza kukosa mazoezi. Tulidhani amelegea, na mmoja wetu akamtania mbele ya wenzake kwamba siku hizi ameokoka na kwaya.

Kumbe alikuwa ametoka kumzika mama yake, na mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa imebaki wiki mbili. Tulipopata habari tulimfuata nje ya kanisa, tukamzunguka tukiwa sita, na kila mmoja akawa na neno lake. Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, wadogo zako wanakutegemea. Akatuitikia asante, akaondoka. Aliingia kwenye chumba cha mtihani, akafeli masomo matatu. Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba chuo chake kina utaratibu wa kumwahirishia mitihani mwanafunzi aliyefiwa, mradi aandike barua kabla mitihani haijaanza. Pale nje ya kanisa hakuna hata mmoja kati yetu sita aliyemwuliza mitihani yake inaanza lini na kama ameongea na mtu yeyote wa ofisini.

Basi tulirudi seminarini na swali: kumsindikiza mtu wa chuo kikuu katika ugonjwa mzito au msiba ni kufanya nini hasa? Tunawaletea kile tulichojifunza, vitabuni na kwa wanafunzi wenyewe.

1. Kwa nini mzigo wa chuoni ni mzito kwa namna yake

Nyumbani kwetu msiba una mpango wake. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, majirani huja bila kuitwa, akina mama huingia jikoni na akina baba huota moto nje hadi asubuhi. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo huongoza sala. Mfiwa hapangi kitu, anapangiwa. Hata asipotaka kula, kuna shangazi atakayekaa naye mpaka anywe uji.

Mwanafunzi wa chuo hupata habari hiyo kwa simu, chumbani hosteli, pengine saa nne usiku wenzake wakijisomea. Kwao ni safari ya basi ya siku nzima, nauli hana, na bumu halijaingia. Akifika nyumbani huenda mazishi yamekwisha. Akirudi chuoni, Jumatatu kuna kipindi kama kawaida na zoezi la kikundi linamsubiri. Wenzake wengi hawakumfahamu marehemu, hivyo humpa pole moja mlangoni, na mambo yanaendelea.

Kwa mgonjwa hali ni ngumu zaidi, maana ugonjwa mwingine hauonekani. Chukueni mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Baridi, kukosa maji ya kutosha, uchovu na maambukizi vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mwanafunzi mwenye selimundu aliyekesha akijisomea, kisha akakaa karibu na kiyoyozi, anaweza kulazwa kesho yake. Juma lijalo akionekana anatembea, watu husema alikuwa anakwepa jaribio. Naye huona afadhali kunyamaza kuliko kuhurumiwa. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi tunaozunguka wagonjwa tujiulize ni nini katika maneno yetu kinachowafanya wafiche.

Tusiwasahau wafanyakazi. Mhadhiri, mtunza maktaba, mpishi wa kantini, mlinzi wa lango, wote hufiwa na kuugua. Mhadhiri ana tatizo lake la pekee: wanafunzi wamemzoea kama mtu wa kutoa majibu. Mama mmoja, mwalimu wa chuo, alituambia kwamba baada ya kumzika mume wake alirudi kazini akakuta foleni ya wanafunzi mlangoni wakitaka saini. Siku ya kwanza walimpa pole. Kuanzia siku ya pili hakuna aliyemtaja tena marehemu, si wanafunzi wala walimu wenzake. Walifikiri wakimtaja watamwumiza. Alisema kilichomwumiza ni ule ukimya.

2. Mtakatifu Tomaso wa Akwino na dawa tano za huzuni

Katika masomo yetu tulikutana na sehemu ya Summa Theologiae ambayo wengi huipita haraka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225-1274), ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Paris, anauliza katika Sehemu ya Kwanza ya Pili, swali la 38, ni mambo gani yanayotuliza huzuni. Anataja matano: furaha yoyote, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Tuliposoma mara ya kwanza tulicheka kidogo. Mwanateolojia mkubwa hivi anaandika habari za kuoga? Baada ya yale ya nje ya kanisa tuliisoma upya, bila kucheka.

Dawa ya kwanza ni furaha. Tomaso anafundisha kwamba furaha kwa huzuni ni kama mapumziko kwa uchovu: hata iwe ndogo, hutuliza. Hii haina maana ya kumpeleka mfiwa kwenye sherehe. Maana yake ni kutomwondoa katika mambo madogo aliyoyapenda. Kama alikuwa akicheza mpira jioni, mwiteni. Kama mlikuwa mkinywa chai pamoja baada ya kipindi, endeleeni kunywa naye. Akicheka, msimtazame kana kwamba amemsahau marehemu.

Dawa ya pili ni machozi. Tomaso anasema jambo linaloumiza huumiza zaidi likifungiwa ndani. Hapa anamtaja Mtakatifu Augustino. Augustino alikuwa kijana mwalimu mjini kwao Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipofiwa na rafiki yake mpenzi kwa homa. Katika Kitabu cha Nne cha Maungamo anasimulia jinsi kila mahali pale mjini palivyomkumbusha rafiki huyo hata asiweze kupavumilia, naye akahamia Karthago. Huyu ni mwalimu aliyeacha kituo chake cha kazi kwa sababu ya huzuni. Miaka mingi baadaye, mwaka 387, mama yake Monika alipofariki Ostia, Augustino alijizuia kulia wakati wote wa maziko. Alipokuwa peke yake kitandani ndipo alipoyaacha machozi yatoke, na hakuona haya kutuandikia hayo.

Kati yetu vijana wa kiume, na hasa sisi tunaojiandaa kwa upadre, kuna dhana kwamba kulia ni upungufu wa imani. Injili haituungi mkono. Katika sura ya 11 ya Injili ya Yohane, Bwana wetu alilia alipokwenda kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba muda si mrefu atamfufua. Kama tumaini la ufufuko halikumzuia Yeye kulia, tusilitumie kumzuia mwenzetu. Neno "jikaze" tumeamua kuliacha.

Dawa ya tatu ni huruma ya marafiki. Tomaso anatoa sababu mbili. Kwanza, huzuni ni kama mzigo, na mtu akiona wengine wanahuzunika naye ni kana kwamba wanambebea upande mmoja. Pili, na hii anaiita bora zaidi, mtu huyo hutambua kwamba anapendwa. Angalieni kwamba katika sababu hizi mbili hakuna inayodai ufasaha wa kusema. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walipoketi naye chini bila kusema neno (Ayu 2:11-13). Walianza kukosea walipofungua vinywa kueleza sababu za mateso yake, na mwisho wa kitabu ni Mungu mwenyewe anayewakemea (Ayu 42:7). Ayubu alikuwa na watatu. Kijana wetu alikuwa na sita.

Dawa ya nne ni kutafakari ukweli. Hapa ndipo sisi wanafalsafa tungependa kuanzia. Tomaso anasema kweli ukitafakariwa hutuliza huzuni, na zaidi kwa yule anayeipenda hekima. Hivyo dawa hii yategemea hamu ya mgonjwa au mfiwa mwenyewe. Akiuliza kwa nini, tukae naye katika swali lake. Asipouliza, tusimhubirie. Na tuhakikishe tunachokisema ni ukweli. Tulimwambia kijana yule kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kana kwamba kifo cha mama yake ni kazi ambayo Mungu aliipenda. Lakini Kitabu cha Hekima (1:13) kinafundisha kwamba Mungu hakuifanya mauti wala hafurahii kuangamia kwa walio hai. Tulikuwa tumempa msemo wa mitaani tukidhani ni mafundisho ya Kanisa.

Vilevile wanafunzi wa saikolojia na elimu husoma habari za hatua tano za huzuni, kutoka kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969. Inafaa kukumbuka kwamba hatua hizo alizieleza kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa. Siyo ratiba ya wafiwa. Tusimwambie mtu kwamba yuko hatua ya hasira na bado hajafika ya kukubali. Kila mmoja huenda kwa mwendo wake, na wengine hurudi nyuma.

Dawa ya tano ni usingizi na kuoga. Tomaso anajua kwamba mwanadamu ni roho na mwili, na mwili ukirejea katika hali yake, huzuni hupungua. Mwanafunzi mwenye msiba mara nyingi halali, hali, na hafui. Kwa hiyo swali "umekula leo?" lina teolojia ndani yake. Kumfulia shuka mwenzako aliyelazwa, kumchemshia maji, kumwachia kitanda cha chini, hayo yote yamo katika Summa.

3. Mambo ya kufanya chuoni

Kwa mwanafunzi. Kila chuo kina kanuni zake za mitihani na za kuahirisha masomo, na kwa kawaida zinadai barua na ushahidi, kama cheti cha daktari au uthibitisho wa kifo, ndani ya muda fulani. Mtu mwenye huzuni hawezi kusoma kanuni hizo. Kazi hii ifanywe na rafiki au kiongozi wa darasa: kutafuta kanuni, kumsaidia kuandika barua, kumsindikiza kwa Mshauri wa Wanafunzi na kwa mkuu wa idara, na kubaki na nakala ya kila karatasi. Kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, aulize ofisi ya mikopo ya chuo mapema kuahirisha kutamwathiri vipi, kabla ya kusaini. Pia mwenzake mmoja amwandikie maelezo ya vipindi alivyokosa. Daftari lililoandikwa vizuri humsaidia kuliko ujumbe kumi wa pole kwenye simu.

Kwa mgonjwa. Mwulizeni yeye mwenyewe anapenda nani ajue na nani asijue. Ugonjwa wake si tangazo la kusomwa baada ya Misa, hata kama nia yetu ni kumwombea au kumchangia. Anaweza kuombewa bila kutajwa ugonjwa. Mwenye selimundu, kisukari au kifafa akikubali, wanaoishi naye chumbani wajue dalili za hatari, wajue zahanati ya chuo iko wapi usiku, na wawe na namba ya mtu wa nyumbani kwake. Hospitali mtembeleeni kwa zamu, wawili wawili, kwa dakika chache, na zamu iendelee hata mwezi wa pili ambapo wengi wamekwisha kuchoka.

Kwa mfanyakazi. Wengi hawajui haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 anapofiwa na mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, au mtoto wake anapougua au kufariki. Kwa ugonjwa wa mwajiriwa mwenyewe, sheria hiyo inatambua siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa likizo wa miezi 36, yaani 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Siku nne hazitoshi kumzika mtu na kumlilia, hasa kama nyumbani ni mbali. Zilizobaki zijazwe na upendo wa wenzake: kumshikia vipindi, kumsahihishia mitihani, na kumpokea mlangoni siku anayorudi. Mtajeni marehemu kwa jina. Na hapa wanafunzi nao wana nafasi yao. Darasa linaweza kuomba Misa kwa ajili ya marehemu wa mwalimu wao na kumwalika. Mwalimu naye ni mzazi wa mtu, mtoto wa mtu.

4. Hazina ya Kanisa

Mtume Yakobo anaagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta (Yak 5:14-15). Bado wapo Wakristo wanaoamini kwamba padre akija na mafuta, mgonjwa amekatiwa tiketi. Tulishuhudia mwanafunzi mmoja aliyelazwa akikataa padre asiitwe kwa hofu hiyo hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1514-1515) inatufundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Wakati wake umefika mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Unafaa pia kabla ya upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Basi sisi tusio mapadre kazi yetu ni kueleza jambo hili mapema, wakati mtu akiwa mzima, na kumwita padre kwa wakati.

Kwa mfiwa, Kanisa lina sala kwa ajili ya marehemu, na hii ni faraja kubwa kwa mwanafunzi aliyeko mbali na kaburi. Hawezi kupalilia kaburi la mama yake, lakini anaweza kutoa nia ya Misa hapa hapa chuoni. Jumuiya ya wanafunzi iweke daftari la marehemu wa wanafunzi na wafanyakazi, na tarehe zake. Siku ya arobaini ikifika, na mwaka ukitimia, mtu amkumbuke. Wengi huja siku ya kwanza, na wachache hukumbuka mwezi wa sita.

5. Mipaka yetu

Tuseme pia tusichoweza. Sisi si madaktari wala wanasaikolojia, na mafrateri si mapadre. Mwenzetu akianza kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, akigawa vitu vyake, au akijifungia siku nyingi bila kula, tusimwahidi kumtunzia siri. Tusimwache peke yake. Tumpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi, kwa mlezi wa kiroho, au moja kwa moja hospitali, na tubaki naye mpaka apokelewe. Kumkabidhi kwa anayeweza siyo kumtupa.

Hitimisho

Kijana wetu alirudia mitihani yake na sasa anaendelea na masomo. Tulimwomba msamaha. Alitujibu kwamba siku ile hakuyasikia maneno yetu sawasawa. Anachokumbuka ni mpishi mmoja wa kantini aliyemwekea chakula kila jioni kwa wiki nzima na kukaa naye mezani hadi amalize, bila kumwuliza kitu. Mama huyo hajasoma Tomaso. Sisi tuliosoma ndio tunaoanza kujifunza kwake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tunawaomba wasomaji wetu, wa seminarini na wa parokiani, mwangalie leo ni nani katika darasa lenu, ofisi yenu au hosteli yenu aliyerudi kutoka msibani au hospitali, na ambaye hajaulizwa chochote tangu siku ya kwanza.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya zetu:

1. Ni maneno gani ya pole tuliyozoea kuyasema ambayo hayaendani na mafundisho ya Kanisa?

2. Je, tunajua utaratibu wa chuo au kazini kwetu kwa mtu aliyefiwa au anayeugua kwa muda mrefu? Nani atautafuta kabla haujahitajika?

3. Kati ya dawa tano za Mtakatifu Tomaso, ni ipi tunayoweza kumpa mwenzetu mmoja wiki hii?

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa na Mfariji wa Wenye Huzuni, utuombee.